Sekunde Kumi na Moja za Kamera ya Nne

Wale mliokaa wiki nzima tangu sehemu iliyopita mkijiuliza ni mkono wa nani uliokuwa ukizungusha kitasa cha chumba cha kamera, pumueni kidogo. Hakuwa muuaji. Alikuwa mwanamke mfupi, mchovu, amevaa ndara za rangi mbili tofauti, na mkononi hakuwa na kisu. Alikuwa na ufagio, na juu ya gauni lake alivaa koti la mfanyakazi wa usafi aliloazima ili apite kwa mlinzi.

Sylvia alishusha thamosi ya chai aliyokuwa ameiinua kujikinga.

"Wewe ndio Sylvia?"

"Wewe ni nani? Huku haingii mtu bila kadi."

"Mimi ni Asekenye, mke wa Olinga." Aliusukuma mlango kwa kisigino ukajifunga. "Yule ulimchorea duara nyekundu."

Sylvia alirudi nyuma hatua moja, na mimi simlaumu.

Alhamisi iliyopita, saa tisa na dakika arobaini mchana, Leonida muuza vitenge alichomwa kisu ndani ya kibanda chake hapa Malaba, mpakani na Uganda, jua likiwaka na foleni ya malori ikiwa imejaa madereva. Alikuwa mwanamke wa tatu kuuawa katika miezi miwili. Kazi ya Sylvia ni kukaa mbele ya skrini kumi na mbili na kuuangalia mji, kwa hiyo aliirudisha nyuma kamera ya nne, iliyo karibu na kibanda kile. Aliona sekunde kumi na moja tu zenye maana. Mwanaume anatembea, anashtuka, anageuka, anajifunika uso kwa jaketi, anaruka mtaro na kutimua mbio.

Sylvia akamzungushia duara jekundu. Bosi wake, Hesbon, akaitawanya picha kwenye makundi yote ya simu, na kufikia jioni kila mtu alijua kwamba muuaji wa wanawake wa Malaba ni Olinga, fundi wa pancha.

Jumapili watu walitoka kanisani wakaenda kijijini Adungosi kuchoma nyumba yake. Olinga mwenyewe aliokolewa na polisi, ikiwa kuokolewa ni kubaki na jicho moja linaloona na mkono uliovunjika. Leo saa kumi anatolewa kituoni kupelekwa Busia, na watu wamekaa getini tangu asubuhi wakimsubiri na tairi kuukuu la kumchomea. Wanasema fundi wa pancha apewe tairi. Watu wetu wakishajisikia salama huwa na utani wa ajabu sana.

"Kama umekuja kunitukana, nitukane uende," Sylvia alisema. "Alikimbia. Alificha uso. Polisi wakamuuliza alikuwa anakimbia nini, akasema eti alikuwa na haraka. Haraka ya nini, hataki kusema."

"Hawezi kusema."

"Kwa nini hawezi?"

Asekenye aliangalia sakafu. Aibu ilimpanda kana kwamba ni yeye aliyeshtakiwa. "Alikuwa anakimbia mama yangu."

Ninyi wasomaji wa mbali mtacheka, na chekeni, lakini huku kwetu hilo si jambo la kuchekwa. Mwanaume na mama mkwe wake hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani ghafla, yeye huruka kichakani au mtaroni, hujifunika kwa chochote alicho nacho, na mama naye hugeukia upande mwingine mpaka mkwe apite. Kusimama na kumkodolea macho mama aliyekuzalia mke ni matusi makubwa kuliko kumpiga kofi.

Sylvia naye alizaliwa huku huku, Sigalame. Alipokuwa na miaka sita alimwona baba yake, mwalimu mkuu mwenye tai na heshima zake, akizama ndani ya shamba la mihogo kwa sababu mama mkwe wake alikuwa anakuja na mtungi. Alilijua jambo hilo tangu utotoni. Lakini miezi minane ya kuangalia watu kwenye skrini ilikuwa imemfundisha jambo lingine, kwamba anayeficha uso ni mwizi, na ndivyo alivyomsoma Olinga.

"Mbona hakuwaambia polisi?"

"Ataje mama mkwe kwa kesi ya damu? Iandikwe, isomwe kortini?" Asekenye alitikisa kichwa. "Olinga namjua, madam. Atanyamaza mpaka wamchome."

"Lakini hakuna mama hapo. Nimeangalia hii kitu mara mia."

"Weka mara mia na moja."

Sylvia aliiweka. Sekunde ya kwanza, Olinga anatembea. Sekunde ya nne, anashtuka. Ya tano, jaketi linapanda usoni. Ya saba, mtaro. Kisha njia inabaki tupu, na hapo ndipo Sylvia alipokuwa akiisimamisha kila siku bila kungoja sekunde za mwisho.

"Wacha iendelee," Asekenye alisema.

Sekunde ya tisa, kwenye pembe ya chini kabisa ya skrini, ukatokea ukingo wa kikapu. Ndani ya kikapu, mkia wa kuku mwekundu wenye unyoya mmoja mweupe. Ukakaa hapo, ukageuka, ukatoka.

"Hiyo kuku ni yangu," Asekenye alisema, na sasa machozi yakamtoka. "Mama alikuwa ananiletea kutoka ng'ambo. Aliwacha kwa jirani akarudi Uganda saa hiyo hiyo, juu ya aibu ya kukutana na Olinga. Hata hakusikia mtu ameuawa. Jana ndio nilienda kumwambia tumechomewa nyumba."

"Na kuku iko wapi?"

"Ilichomeka na nyumba."

Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika kumi. Mitambo ile huhifadhi picha siku saba tu, kisha huandika mpya juu ya zile za zamani. Saa tisa na dakika arobaini, mkia wa kuku ungefutika pamoja na Olinga. Na picha haikuweza kutolewa kwenye mtambo bila nywila ya Hesbon.

Alitoa simu yake, akaielekeza kwenye skrini, akaanza kuirekodi. Sekunde ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Simu haziingii hapa, Sylvia. Wewe mwenyewe ndio uliandika hilo tangazo."

Hesbon alikuwa mlangoni. Mtu wa makamo, shati jeupe lililopigwa pasi, sauti ya taratibu ya mshereheshaji wa harusi. Sokoni wanamwita Mzee wa Kamera, na akina mama humwekea ndizi mbivu bila kumwuliza. Aliichukua simu ya Sylvia kwa vidole viwili, akaitia mfukoni.

Sylvia alimweleza yote harakaharaka, mkwe, kikapu, kuku. Hesbon alisikiliza bila kumkatiza hata mara moja.

"Mkia wa kuku," alisema mwishowe. "Unataka niende kwa sajini na mkia wa kuku."

"Boss, yule mtu hana makosa."

"Jana nilipita sokoni saa moja jioni. Wamama wanauza samaki wa omena, wanacheka. Miezi miwili walikuwa wanafunga saa kumi. Unajua ni kwa nini wanacheka? Kwa sababu tumemshika. Sasa niwaambie hatujamshika? Niwaambie bado anatembea hapo katikati yao?"

"Kama ndio ukweli, waambie."

"Ukweli haufungui soko, Sylvia." Alitabasamu kwa huruma. "Lakini sawa. Sitaki damu ya mtu. Picha nitaitoa mwenyewe, nipeleke kituoni. Huyo mama ako wapi? Nataka kuongea na yeye kwanza."

Asekenye alifungua mdomo. Sylvia akamkanyaga mguu. Mpaka leo ukimwuliza ni kwa nini, atakuambia hajui, mguu ulienda wenyewe.

"Ako ng'ambo," Asekenye alisema.

"Ng'ambo wapi?"

"Mbali."

Walipofika chini ya ngazi, Asekenye alimshika Sylvia mkono. "Mbona umenikanyaga? Mama ako hapa nyuma, kwa posho mill ya kusaga unga."

Sylvia alikuwa akikumbuka kitu. Wiki mbili kabla ya kufa, Leonida alipanda ngazi hizi akilalamika kwamba kuna mwanaume anayempigia simu kwa namba iliyofichwa na kumtajia rangi ya kilemba alichovaa siku ile, wakati ule ule, akiwa amekaa kibandani peke yake. Sylvia aliliandika lalamiko hilo vizuri kwenye kitabu. Halafu akampa bosi wake.

"Twende kituoni," alisema.

Sajini Ignatius hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu. Kelele za getini zilikuwa zimemla masikio tangu asubuhi, na mezani kwake kulikuwa na muhogo wa kuchemsha ambao hakuwa ameuuma hata mara moja.

"Mama ndio shahidi? Basi aingie aandike statement."

"Hawezi kuingia," Asekenye alisema.

"Kwa nini?"

"Mkwe wake ako ndani."

Sajini alimwangalia Sylvia kuona kama huo ni mzaha, akaona sio. Ikabidi meza itolewe nje. Ndipo Roselida, mama yake Asekenye, mtu mzima aliyejitanda leso ya kijani na kuvaa viatu vya mpira vya shuleni, akaja kukaa kwenye benchi nyuma ya tangi la maji, mgongo ukielekea milango ya seli. Aliongea polepole, akitafuta kila neno la Kiswahili kabla ya kulitumia.

"Mama, Alhamisi uliona Olinga kwa ile njia?"

"Niliona miguu. Ilikuja, ikakimbia."

"Miguu ya nani?"

"Ya mkwe wangu."

"Ulijuaje ni yeye kama hukuona uso?"

Roselida alionekana kutokulielewa swali. "Mimi tangu amuoe Asekenye, miaka tisa, uso wake sijaangalia."

Sajini aliweka kalamu chini. "Sasa kortini wakikuuliza, huyu aliyesimama hapa ndiye uliona?"

"Sitamwangalia."

"Hata kama ni kumwokoa?"

"Sitamwangalia," Roselida alisema, akaivuta leso karibu na uso. "Heri muniulize kitu ingine."

Sylvia aligeuka akaangalia ukuta asionekane akilia. Basi ndiyo hivyo. Mama anayeweza kumwokoa Olinga hakuwahi kuuona uso wake, na picha ilikuwa imebakisha dakika tano.

Geti likapigwa kwa jiwe. Kisha la pili. Sauti mia tatu ziliimba jina la Leonida. Kutoka ofisini mkubwa wa kituo alipiga kelele kwamba saa kumi ni mbali, geti halitashika, mfungwa atolewe sasa hivi apakiwe kwenye gari.

"Ngojeni kwanza, kuna mama hapa," Sajini Ignatius alianza kusema, lakini mlango wa seli ulikuwa umeshafunguliwa.

Olinga alitoka katikati ya askari wawili. Uso wake ulikuwa umefura upande mzima, mkono wa kushoto umefungwa kwa kitambaa kifuani, wa kulia umefungwa pingu na askari wa kwanza. Alikuwa akiburuta miguu kama mtu asiyejali tena anakopelekwa.

Nyuma ya tangi, Roselida alikohoa.

Kikohozi kidogo tu. Olinga alishtuka. Aligeuza jicho lake moja zima, akaona leso ya kijani, na mtu yule ambaye hata kutembea hakuweza akageuka kwa nguvu zote, akapandisha shati usoni kwa mkono uliovunjika, akauma meno kwa maumivu, na kuruka upande wa ukuta. Askari aliyefungwa naye pingu aliburutwa akaanguka magotini.

Askari wa pili alikoki bunduki. "Anatoroka! Simama!"

Sylvia alikuwa karibu. Hakufikiria. Alisimama kati ya bunduki na mgongo wa Olinga, mikono juu, na mkojo ukamchuruzika mguuni bila yeye kujua.

"Usipige. Hatoroki. Angalia anaenda wapi. Si anaenda kwa ukuta?"

Kweli Olinga alikuwa amefika ukutani na kusimama. Alikuwa ameubandika uso wake kwenye matofali, shati likimfunika kichwa, mgongo ukipanda na kushuka. Hakuwa na haja ya kwenda zaidi ya hapo. Na upande wa pili wa uwanja, Roselida naye alikuwa amesimama, amejifunika leso, ameugeukia ukuta mwingine.

Sajini Ignatius alimwangalia mkwe. Akamwangalia mama. Ile picha ya simu alikuwa ameiona mara nyingi kama kila mtu Malaba, na sasa ilikuwa imechezwa mbele ya macho yake, shati mahali pa jaketi.

"Shusha bunduki," alisema kwa sauti ndogo. "Shusha, kijana. Huyo anasalimia mkwe wake."

Asekenye alikaa chini palepale kwenye vumbi.

"Olinga," alimwita, "mama anauliza umeamkaje."

"Mwambie mimi niko sawa," Olinga alijibu kutoka ukutani. "Mwambie pole kwa ile siku. Sikujua atapita pale."

"Anasema pole pia. Kuku ilikuwa yenu."

Askari aliyekuwa na bunduki alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Sajini alifuta macho yake kwa mgongo wa mkono na kukohoa mara mbili. Ungefikiri hadithi imeishia hapo, watu walie, Olinga aende nyumbani, ikiwa nyumba ingekuwepo.

Lakini Sylvia alikuwa bado anamwangalia Roselida. Alikuwa anaangalia namna mama yule alivyosimama, mgongo kwa mkwe wake na macho mbele.

"Mama," alisema, "Alhamisi Olinga alipokimbia, na wewe uligeuka hivyo?"

"Ndiyo. Lazima nigeuke."

"Uligeukia wapi?"

"Upande wa vitenge. Kwa duka ya yule mama."

Sajini aliinua kichwa.

"Sajini, ile kamera ya nne ilikuwa inaona mlango wa Leonida," Sylvia alisema. "Jumanne ya wiki ile nilikuta imegeuzwa. Nikauliza nani ameigeuza, nikaambiwa ni upepo."

"Nani alikuambia ni upepo?"

Sylvia alisogea karibu na mama. "Kuna mtu ulimwona hapo?"

"Mwanaume alitoka," Roselida alisema. "Alikuwa anafunga vifungo ya jaketi, jua kali hivyo. Nikasema labda ni mgonjwa."

"Uso uliona?"

"Huyo nilimwangalia vizuri. Huyo si mkwe."

Mlango mdogo wa geti ukafunguliwa kumpitisha mtu, na kelele za nje zikaingia pamoja naye. Hazikuwa kelele za hasira sasa. Walikuwa wanashangilia.

"Poleni sana," ilisema sauti ya taratibu. Hesbon alikuwa ameshika simu ya Sylvia mkononi, shati lake jeupe halina hata kunjo. Alimwona Olinga ukutani, bunduki, Asekenye vumbini, na mama mwenye leso ambaye hakumjua. "Sajini, nimejaribu kabisa. Mtambo umejifuta saa tisa na arobaini, nikiwa bado naingiza nywila. Hakuna picha tena. Hakuna ushahidi mwingine."

Roselida aliisikia sauti hiyo. Aliishusha leso kutoka usoni, akaikunja mara mbili, akaiweka begani. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu afike kituoni akainua macho yake yote mawili, akamtazama mwanaume yule kuanzia kwenye nywele mpaka kidevuni, bila haraka, kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

"Wewe naweza kukuangalia," alisema. "Wewe si mkwe wangu. Alhamisi pia nilikuangalia."

Hesbon hakukimbia wala hakujifunika uso. Alitabasamu tabasamu lile lile la huruma, akamwangalia mama, akamwangalia Olinga pale ukutani, akapima kwa macho umbali kati yake na Sajini. Halafu akarudi nyuma hatua mbili, mpaka mgongo wake ukagusa chuma cha geti, na mkono wake wa kulia ukalishika komeo kubwa. Upande wa pili, watu mia tatu wenye tairi walikuwa bado wanaliimba jina la Mzee wa Kamera.

"Wananchi," Hesbon aliita, akaanza kulivuta komeo. "Wanamwachilia."